Sura ya Sita: Chungu Kimoja, Bei Tatu

Mwaka 1990 Malawi ilikuwa imewapokea wakimbizi wa Msumbiji wanaokaribia milioni moja. Mwaka huo wahudumu wa afya katika kambi zao walianza kuona ugonjwa ambao wengi waliujua kwa kuusoma tu. Ngozi ilibabuka na kuwa nyeusi shingoni, mikononi na miguuni, pale jua linapopiga. Wengine waliharisha, na walioachwa bila tiba walikuwa hatarini kuvurugikiwa na akili. Ilikuwa pelagra, maradhi ya kukosa naiasini, yaani vitamini B3. Wagonjwa zaidi ya 17,000 waliandikishwa.

Mahindi yalikuwapo. Kilichokatika ni karanga. Karanga za mgao ndizo zilizokuwa zikiwapa watu wale sehemu kubwa ya naiasini yao, na zilipoacha kufika, mlo ukabaki mahindi karibu peke yake. Mahindi nayo yana naiasini, ila nyingi imefungwa kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Watafiti walipolinganisha wagonjwa na wazima, walikuta kwamba wenye bustani, waliokuwa bado wanapata karanga na waliosaga mahindi yao wenyewe nyumbani hawakuugua kwa kiwango cha wenzao.

Kambi zile zilifungwa zamani na Wamsumbiji wakarudi kwao. Lakini kisa chao bado kinamhusu kila anayepika ugali kwa fedha kidogo, awe Dowa, Kigoma au Uvira. Sahani ya mtu wa kipato kidogo ina kitu kimoja kikubwa kinachoshibisha, na vitu vidogo vitatu au vinne pembeni yake. Fedha zikipungua, mkono hupunguza kwanza vile vidogo, kwa kuwa tumbo halilalamiki: karanga wiki hii, dagaa wiki ijayo, kisha majani yanabaki chumvi na nyanya moja. Sura hii inahusu namna ya kuvibakiza vile vidogo mezani kila siku, hata kwa mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi giza likiingia.

Kawale mbili

Wazungumzaji wa Kiswahili walioko Malawi wanazijua Kawale mbili. Moja ni mtaa wa Lilongwe, upande wa mji wa zamani, si mbali na soko kuu. Nyingine ni eneo ndani ya Dzaleka, kambi iliyo wilayani Dowa, kilomita zipatazo 50 kaskazini mwa Lilongwe. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Iliandaliwa kwa watu wasiozidi 12,000. Leo imebeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinasikika kila kona ya soko lake.

Haya ni majiko mawili yenye shida mbili tofauti. Kawale ya mjini, fedha huja kwa siku. Mtu anauza leo, anakula leo. Ananunua unga wa mlo mmoja, mafuta ya mlo mmoja kwenye kifuko cha plastiki, makaa ya mlo mmoja. Kila kimoja ni rahisi kwa macho, lakini ukipima kwa kilo au lita utaona kwamba mnunuzi wa kidogo kidogo ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote sokoni. Anachokosa zaidi ni saa: akirudi kazini usiku, hawezi kuanza kuchemsha maharage.

Kawale ya Dzaleka, fedha nyingi za chakula huja kwa mkupuo. Msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ambao zamani ulikuwa magunia ya mahindi, siku hizi hutolewa kama fedha taslimu, na umekatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya upungufu wa wafadhili. Siku ya mgao soko linachangamka. Baada ya wiki mbili nyumba nyingi zinahesabu siku. Hapa tatizo ni kuzifanya fedha za siku moja zilishe siku thelathini.

Mei 2023 serikali ya Malawi ilianza kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini. Wapo basi waliotoka kwenye shida ya kwanza na kuingia ya pili ndani ya siku moja, wakiwa na sufuria zao zile zile. Ndiyo maana ninazungumzia Kawale zote mbili pamoja.

Bei tatu

Ukiuliza chakula gani ni rahisi, utajibiwa kwa bei ya sokoni. Hiyo ni moja tu kati ya bei tatu. Ya pili ni bei ya moto: makaa au kuni zinazoteketea mpaka chakula kiive. Ya tatu ni bei ya saa: muda wa mtu kusimama jikoni, kuchota maji, kupanga foleni kinuni.

Tazama maharage. Kwa bei ya sokoni hakuna anayeyashinda kirahisi: gramu 100 za maharage makavu zina takriban gramu 22 za protini. Kilo moja ikiiva inakuwa zaidi ya kilo mbili za chakula, hivyo nusu kilo inawatosha watu sita mlo mmoja. Lakini yapike makavu, bila kuyaloweka, na yanaweza kula makaa ya mchana mzima. Mama aliyehesabu vizuri anajua kuna siku ambazo makaa ya maharage yanakaribia bei ya maharage yenyewe.

Tazama usipa, samaki wadogo wa Ziwa Malawi ambao Mrundi au Mkongo wa Tanganyika atawalinganisha na ndagala zake. Kwa kilo wanaonekana ghali. Lakini wakishakauka, gramu 100 zao zina zaidi ya gramu 50 za protini, na kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao, huleta kalsiamu ambayo ugali na majani haviwezi kuleta kwa wingi huo. Pia wana vitamini B12, ambayo haimo katika mimea. Wanaiva kwa dakika kumi. Siku ya haraka, usipa ni rahisi kuliko maharage.

Yai lina gramu sita hivi za protini na linaiva kwa dakika chache. Karanga zina gramu 25 kwa kila 100 na, zikishakaangwa na kutwangwa, hazidai moto wa peke yake. Soya ina gramu 36, kubwa kuliko jamii yote ya kunde, lakini haifai ikiwa mbichi: ina kemikali zinazozuia protini isisagike tumboni, na ni moto tu unaoziua.

Hakuna chakula kimoja kilicho rahisi kwa bei zote tatu. Kazi ya mpishi ni kujua leo amepungukiwa na nini. Kama amepungukiwa fedha lakini ana muda, apike maharage. Kama hana muda, apike usipa au yai. Kama makaa yamekwisha, atumie unga wa karanga uliokwisha kukaangwa. Sehemu zinazofuata ni namna ya kuzishusha bei hizo mbili zisizoandikwa popote sokoni.

Unga: usinunue kitu ukamwachia kuku

Ugali, wengine wanauita bukari na wenyeji nsima, ndio unaomeza sehemu kubwa ya fedha, kwa hiyo uamuzi wa kwanza ni aina ya unga. Malawi kuna ufa woyera, unga mweupe uliokobolewa, ndugu wa sembe ya Tanzania. Na kuna mgaiwa, mahindi yaliyosagwa mazima, yaani dona.

Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huondoka. Humo ndimo zimo nyuzinyuzi, mafuta ya punje, na sehemu kubwa ya madini ya chuma, zinki na vitamini za kundi B. Kinachobaki ni wanga mzuri kwa macho. Pumba zinazoondoka zinaitwa madeya, na mwisho wake ni kwa kuku au nguruwe. Maana yake, aliyenunua kilo kumi za mahindi na kuzikoboa anaondoka kinuni na unga pungufu, na kilichopungua ndicho alichokihitaji zaidi. Mwenye dona anarudi na uzito wake karibu wote.

Dona ina masharti mawili. Mafuta ya kiini yanaifanya ichache mapema, kwa hiyo saga ya wiki mbili, si ya miezi miwili. Na mahindi yawe makavu na safi, kwa kuwa huondoi ganda: kuvu iliyo juu ya punje inaingia mdomoni. Familia ikiikataa ladha, changanya nusu kwa nusu kwa mwezi mmoja. Watoto watanuna siku tatu za kwanza, kisha watazoea.

Maharage: moto mfupi

Kwa nini maharage na mahindi, na kwa nini ndoa hii imeenea kutoka Bujumbura mpaka Mexico? Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage, mbaazi na kunde vina lisini kwa wingi. Vikiliwa siku moja, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Ugali na maharage ni karibu na nyama kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kupunguza makaa, fanya hivi. Chagua mawe na punje mbovu jioni, osha, kisha loweka kwa maji mengi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo. Yanaondoka na sehemu ya vitu vinavyoleta gesi tumboni na vinavyozuia madini ya chuma yasifyonzwe. Weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali na mfuniko. Yakishachemka kwa nguvu dakika ishirini, epua sufuria na mfuniko wake, iweke ndani ya kikapu kikubwa kilichojaa matambara, blanketi kuukuu au majani makavu ya migomba, funika juu kwa mto, ondoka. Joto lililomo litaendelea kupika wakati wewe uko kazini. Jioni yarudishe motoni mpaka yalainike kabisa. Dakika zile za moto mkali usizikwepe: maharage mekundu yaliyoiva nusu yana sumu inayotapisha, na joto la kikapu peke yake haliiui.

Wengi huongeza magadi ili yaive haraka. Yanaiva kweli, ila magadi yanaharibu vitamini B1. Kuloweka kunatosha.

Kama huna jokofu, usipike maharage ya siku nne. Pika ya jioni na ya mchana wa kesho. Yanayobaki yachemshe usiku kabla ya kulala na uyaache na mfuniko bila kuyachokonoa kwa mwiko, kisha yachemshe tena kabla ya kula. Miezi ya baridi ya Mei hadi Julai utasalimika kirahisi. Oktoba, joto linapopanda, punguza kiasi.

Juu ya jiko lenyewe: Malawi ina jiko dogo la udongo liitwalo Chitetezo Mbaula, linalofinyangwa vijijini, hasa na wanawake. Linatumia kuni chache kuliko mafiga matatu, na hata vijiti vinatosha kulilisha. Serikali iliwahi kuweka lengo la kuyafikisha majiko bora milioni mbili majumbani kufikia mwaka 2020. Kwa familia ya Dzaleka, jiko kama hilo ni sehemu ya bajeti ya chakula.

Mitungi miwili ya kuokoa siku mbaya

Kila nyumba iwe na vyombo viwili vikavu vyenye mfuniko.

Chombo cha kwanza ni cha unga wa usipa. Wachambue, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, watwange, chekecha mchanga. Kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto, viwili kwenye mchuzi wa majani, na mlo umepata protini, kalsiamu na chuma bila kumwuliza mtoto kama anapenda samaki.

Chombo cha pili ni cha unga wa karanga, ambao wenyeji huuita nsinjiro. Karanga ndizo zilizokosekana kambini mwaka 1990. Majani yaliyoungwa kwa karanga yanapata protini, naiasini na mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayousaidia mwili kufyonza vitamini A iliyomo kwenye majani. Familia iliyoishiwa mafuta ya kupikia lakini ina karanga bado inaweza kula vizuri.

Karanga zina adui mmoja mkubwa: sumukuvu. Ni sumu ya kuvu inayoota kwenye karanga na mahindi yaliyokaa na unyevu. Haina harufu wala ladha, na kupika hakuiondoi. Kenya mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu katika wilaya za mashariki, Makueni na Kitui zikiwamo, yalisababisha watu 317 kuugua na 125 kati yao kufa. Inayoingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka inaongeza hatari ya saratani ya ini. Kwa hiyo nunua karanga nzima, uzione. Tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu. Unga wa karanga uliokwisha sagwa na kuuzwa kwa bei ya chini ajabu unaficha ulichotengenezwa nacho. Huwezi kujua kama ni zile ambazo mwingine alizichambua na kuzitupa. Hapa usitafute rahisi.

Majani kwanza, matunda ya msimu

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu mzima kila siku. Kwa fedha ndogo, gramu hizo zitatoka kwenye majani.

Na majani yapo. Mvua zikianza Novemba, bonongwe, ndiye mchicha au lengalenga kwa Wakongo, anaota hata pale ambapo hakuna aliyepanda. Majani ya maboga, nkhwani, yanafuata, na ya viazi vitamu, kholowa, ndiyo matembele yetu. Kiangazi, mabonde yenye unyevu yanaendelea kutoa mpiru na majani yanayoitwa rape. Anayeogopa miezi mikavu akaushe kivulini wakati wa mvua. Majani makavu, mfutso, yakiungwa kwa karanga ni mlo kamili, ingawa vitamini C yake imekwisha.

Osha majani kabla ya kuyakata, si baada. Yapike dakika tano hadi nane kwa maji machache na usiyamwage. Nyanya au ndimu iongezwe, kwa sababu vitamini C hulisaidia tumbo kufyonza chuma cha mimea. Kwa sababu hiyo hiyo, chai isinywewe pamoja na mlo; inazuia chuma. Ngoja saa moja.

Sombe ndiyo inayovunja kanuni. Majani ya muhogo yana sianidi na lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu, mfuniko ukiwa wazi mwanzoni. Ni chakula bora, hasa kikikutana na mawese mekundu na unga wa usipa, ila bei yake ya moto na saa ni kubwa. Kiweke Jumamosi.

Asiye na shamba Dzaleka anaweza kuwa na gunia. Jaza udongo na samadi, weka safu ya mawe madogo katikati kutoka chini hadi juu ili maji yapenye, toboa matundu ubavuni, panda mchicha, figili na vitunguu kwenye matundu. Maji yaliyooshea mboga yanatosha kulinywesha. Magunia mawili mlangoni hayawezi kulisha nyumba, lakini yanaondoa siku tatu au nne za kununua majani kila wiki.

Matunda yafuate msimu. Novemba hadi Januari kuna maembe kwa wingi, na hakuna duka la dawa linalouza vitamini A kwa bei hiyo. Mapera yanafuata. Kiangazi kuna malambe, yaani ubuyu, wenye vitamini C nyingi. Uloweke, ukoroge, unywe bila kuujaza sukari.

Asubuhi ya mwenye haraka

Kifungua kinywa cha mjini ni mandazi mawili na chai yenye sukari vijiko vitatu. Kinaliwa ukitembea, kinashibisha mpaka saa nne, kisha njaa inarudi na mtu ananunua kingine. Hesabu fedha za kununua mara mbili.

Malawi ina jibu lake la zamani, Likuni Phala, uji wa mahindi na soya uliopewa jina la Likuni, nje kidogo ya Lilongwe. Nyumbani changanya sehemu nne za mahindi kwa sehemu moja ya soya. Soya ichemshwe, ianikwe mpaka ikauke, ikaangwe mpaka inukie, ndipo isagwe pamoja na mahindi. Ongeza kijiko cha unga wa karanga wakati wa kupika. Unaiva kwa robo saa. Asiye na robo saa aupike usiku na kuutia kwenye chupa ya chai.

Njia nyingine ni kiazi kitamu kilichochemshwa jana juu ya makaa yaliyobaki baada ya ugali. Tafuta chenye nyama ya rangi ya machungwa, maana ndicho chenye vitamini A. Viazi hivyo vimesambazwa sana Afrika mashariki na kusini. Mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda, aliyezalisha aina zake, alikuwa miongoni mwa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani. Kimoja kikubwa na kiganja cha karanga vinamfikisha fundi cherehani mpaka saa saba mchana.

Siku ya fedha, na wiki inayofuata

Mpangilio wa kununua ndio unaoamua mwezi. Siku fedha zinapopatikana, fuata zamu hii: kwanza mahindi na gharama ya kinu, pili maharage au mbaazi, tatu karanga na usipa wa kujaza mitungi miwili, nne mafuta, chumvi yenye madini joto na makaa. Kiasi kinachobaki kigawanye kwa siku, na kila siku kiende kwenye majani, nyanya na tunda. Soda, biskuti na nyama zije baada ya hapo. Anayeanza na nyama siku ya mgao anakula vizuri siku tatu.

Mwenye fedha za kila siku aige mpango huo kwa njia ya jirani: nyumba tatu za Kawale zichange, zinunue gunia moja la maharage au ndoo moja ya usipa kwa bei ya jumla, zigawane kwa kipimo. Tofauti kati ya bei ya kifuko na bei ya gunia inabaki mfukoni mwao.

Wiki yenyewe inaweza kuwa hivi:

Jumapili jioni: ugali wa dona, maharage, majani yaliyoungwa kwa karanga.
Jumatatu: mchana maharage yaliyobaki na viazi vitamu, jioni ugali, usipa kwa nyanya, mpiru.
Jumanne: mchana viazi na karanga, jioni ugali, mchicha wenye unga wa usipa. Loweka mbaazi.
Jumatano jioni: ugali, mbaazi, kachumbari.
Alhamisi: mchana mbaazi zilizobaki, jioni ugali, mayai yaliyokorogwa na nyanya, figili.
Ijumaa jioni: ugali, usipa, majani ya maboga.
Jumamosi: sombe ya mawese au karanga. Loweka maharage.

Asubuhi zote ni uji wa soya au kiazi. Moto mrefu upo mara tatu tu kwa wiki.

Mpango unapogonga ukuta

Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44. Machi 2024, baada ya ukame wa El Niño, Rais wa wakati huo, Lazarus Chakwera, alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. Katika miezi kama hiyo, na hasa kati ya Novemba na Machi kabla mahindi mapya hayajavunwa, hata mpishi hodari anakuta fedha hazitoshi ugali wenyewe. Kuloweka maharage hakuzalishi kwacha, na asije mtu akamwambia mwenye mgao uliokatwa kwamba njaa yake ni uzembe wa mipango.

Wakati huo panga kwa watu badala ya vyakula. Mtoto chini ya miaka miwili, mjamzito, anayenyonyesha na mgonjwa wapewe kwanza kile kidogo chenye nguvu: yai, unga wa usipa, karanga. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuvumilia wiki ya ugali na majani. Mtoto wa miezi tisa hawezi. Na ijue kamba ya kupimia mkono. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo. Chini ya 11.5 ni mkali. Huyo, na yule aliyevimba miguu yote miwili, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Anahitaji chakula cha tiba, na hakuna uji wa nyumbani unaokifikia.

Kazi ya wiki hii

Chukua karatasi, gawa safu tatu: fedha, moto, saa. Kwa siku saba andika kila mlo wa jioni uligharimu nini katika kila safu. Usibadilishe chochote bado. Mwisho wa wiki tafuta safu iliyokuumiza zaidi. Ikiwa ni moto, anza na kuloweka na kikapu. Ikiwa ni saa, jaza mitungi miwili kabla ya Jumatatu. Ikiwa ni fedha, hama kutoka unga mweupe kwenda dona, na ulichookoa kinuni ukinunulie karanga.